Daktari Ngoja Kwanza na Benchi Linaloyumba

Baada ya miaka thelathini na moja ya kuwasikiliza watu waliokwisha kuhukumiwa na majirani zao, daktari wetu wa magonjwa ya akili anastaafu tarehe thelathini ya mwezi huu. Kamati ya sherehe ilitafuta mtu wa kuandika wasifu wake. Wauguzi walisema wana kazi. Mfamasia alisema mwandiko wake hausomeki, jambo ambalo ni kweli tupu. Ndipo wakaja kwangu mimi, dereva wa gari la wagonjwa, ambaye hospitali nzima huniita Mjomba, na hawakukosea mlango. Shule niliiacha mapema, sifichi, lakini sifa nilizoziacha kule bado zipo: hadi leo mwalimu wangu wa insha akiniona kwa mbali hubadilisha njia kwa heshima.

Daktari alifika hapa akiwa binti mwembamba mwenye begi moja na miwani iliyomzidi uso. Wakati huo kitengo cha afya ya akili kilikuwa chumba kimoja nyuma ya jiko, katikati ya stoo ya magodoro na kamba za kuanikia mashuka. Mimi ndiye niliyempokea. Nilimwonyesha chumba, nikamwonyesha dirisha lisilofunga, nikamwambia, "Dada, humu hata wazima hawakai." Akacheka, akauliza kiti cha mgonjwa kiko wapi. Kiti hakikuwepo. Kulikuwa na benchi tu, nje, chini ya dirisha la jiko, na mguu wake mmoja ulikuwa mfupi.

Benchi hilo likawa ofisi yake. Wewe ukikaa upande huu, linaangukia kwako: kop! Yeye akiegemea, linarudi kwake: kop! Mtu ameletwa na ukoo mzima, amenuna, ameapa hatafungua mdomo mbele ya daktari. Akiyumbishwa kidogo tu lazima aseme kitu, na kitu chenyewe ni kulitukana benchi. Daktari naye analitukana. Hapo tayari wako upande mmoja, na mazungumzo yameanza bila mtu kuyaanzisha.

Fundi seremala alikuja na msumeno kutaka kuikata miguu mingine ilingane na ule mfupi. Daktari alitoka mbio, kalamu bado iko sikioni. "Fundi, ngoja kwanza!"

Maneno hayo mawili ndiyo yaliyompa jina. Ndugu wa wagonjwa huja na jibu mkononi. Huyu kichaa. Huyu karogwa. Huyu anajifanya, hana lolote. Daktari huwaacha wamalize, halafu: "Ngoja kwanza. Lilianza lini? Analala? Anakula? Kabla ya hapo alikuwa mtu wa namna gani?" Kisha humgeukia yule aliyesema kwa sauti kubwa kuliko wote: "Na wewe, baba, unalala?" Nimeshuhudia mjumbe wa familia aliyemleta mdogo wake akilia kuliko mdogo mtu, na wote wawili wakapewa tarehe ya kurudi.

Siku moja, tukila chakula cha mchana kwenye benchi hilo, alinifafanulia kazi yake, maana aliona mimi ni mtu wa kuelewa haraka. Alisema homa ina kipimo na mfupa una picha, lakini akili haina mashine ya kuichomeka ikatoa namba. Kipimo chake ni habari ya mtu, ichukuliwe yote, toka mwanzo, kwake na kwa wanaoishi naye. Na mwili uchunguzwe kwanza, kwa sababu sukari, tezi ya shingo, hata homa ya kawaida vinaweza kujifanya wazimu. "Jina la ugonjwa ni kama koti, Mjomba," aliniambia. "Ukimvika mtu lisilo lake, atalivaa mpaka lichakae, na watu watamjua kwa koti."

Tangu siku hiyo na mimi nikaingia kwenye fani. Kupitia kioo cha gari nilianza kuwatambua wagonjwa kabla hatujafika getini. Anayetazama nje bila kupepesa, sonona, ile huzuni isiyoondoka. Anayerudia kuangalia kama mlango umefungwa, hayo ni mawazo ya kujirudiarudia. Anayeng'ang'ania kishikio cha juu ya mlango, wasiwasi uliopitiliza. Nilimpelekea Daktari matokeo yangu. Akayasikiliza yote kwa utulivu, akasema, "Mjomba, hao wa kishikio, huo ni mwendo wako. Hata mimi nikipanda na wewe nakishika."

Kuhusu umaarufu wa benchi, watu wamesema mengi, kwa hiyo niweke kumbukumbu sawa. Mimi niliwaambia watu wachache tu, pale kwenye kibanda cha chai, kwamba benchi la kwetu linapima akili: likilalia kushoto ni sonona, likilalia kulia ni wasiwasi. Yaliyofuata hayakuwa mikononi mwangu. Foleni ilianzia kwenye benchi, ikazunguka jiko, ikapita chumba cha maiti, ikatokea barabarani hadi basi likasimama likidhani ni kituo. Mama mmoja alimleta mchumba wa binti yake apimwe kabla ya kutajwa siku ya harusi. Mwingine alimleta shemeji yake apimwe uvivu.

Daktari alitoka akauliza, "Nani kawaambia benchi linapima?" Foleni nzima ikanyoosha kidole kwenye gari la wagonjwa. Bahati nzuri nilikuwa chini ya gari, nikishughulika.

"Benchi halipimi mtu," akawaambia. "Benchi linatuchekesha tu. Kuulizana ndiyo kazi." Lakini hakumfukuza hata mmoja. Alikaa nao, mmoja baada ya mwingine, mpaka jiko likafungwa. Na katika foleni hiyo ndimo alimopatikana mama kijana aliyecheka kuliko wote, aliyesema yeye kamsindikiza tu dada yake. Daktari alimuuliza lile swali lake la kawaida la usingizi, na kicheko kikakatika kama umeme. Toka ajifungue hakuwa amelala usingizi wa maana, na mawazo yake yalikuwa yameanza kumtisha. Alitibiwa, akapona, na mtoto wake sasa ana ndevu. Kwa hiyo nikisema nimekichangia kitengo hiki, sijisifu, natoa taarifa.

Leo kitengo kina jengo lake, vyumba vya ushauri vyenye milango inayofunga, na wauguzi aliowafundisha ambao wametawanyika zahanati zote za jirani, nao siku hizi wanauliza kabla ya kutaja jina la ugonjwa. Alipiga marufuku kamba. Zamani nilikuwa nawabeba watu wamefungwa kama mizigo ya sokoni. Sasa mgonjwa hupanda gari langu kwa miguu yake, na kitu pekee kinachomfunga ni mkanda, tena kwa sababu zile zile za mwendo.

Lakini sababu kubwa ya wasifu huu kuandikwa na mimi, si mfamasia, ni mama mkwe wangu. Ameniruhusu nisimulie, kwa sharti kwamba nimtaje kuwa ni mrefu. Ni mrefu.

Mama mkwe ni fundi cherehani. Anaishi peke yake katika nyumba ya vyumba viwili aliyoijenga kwa kushona sare za shule, na ufunguo wake huuning'iniza shingoni kwa utepe. Basi akaanza kuona watu wadogo. Walikuwa na kofia ndefu, wakipita juu ya pazia, wakati mwingine wakijipumzisha juu ya cherehani. Alimwambia mke wangu jambo hilo vile vile mtu anavyosema leo kuna mawingu.

Kikao cha familia kikaitishwa upesi. Shemeji yangu, mwanawe wa kwanza, ana duka la vipuri vya magari na huamini hakuna kitu kisichobadilishika. "Mama ameshachanganyikiwa," alisema. "Nyumba ifungwe, ufunguo nikae nao mimi, yeye ahamie chumba changu cha nyuma." Wengine wakatoa majina yao ya ugonjwa. Mimi, kama mtu wa fani, nilitoa jina refu kuliko yote, na kikao kikalipokea kwa heshima ingawa hakuna aliyeweza kulirudia.

Mama mkwe aliufumbata ufunguo. "Nyumba hii nimeijenga kwa vifungo na pindo," alisema. "Nikitoka humu, nikawekwe chumba cha nyuma kama jiko bovu, hapo ndipo nitakapochanganyikiwa kweli."

Asubuhi yake nikawapakia. Shemeji alikuwa ameshafunga sanduku la nguo za mama yake, anataka tupite hospitali kuchukua karatasi tu, kisha moja kwa moja kwake. Daktari akampokea mama, akamkalisha. Kop!

"He! Hili benchi lenu limelewa?"

"Limelewa, mama. Tangu nilipofika hapa."

Mama akacheka. Shemeji akajitosa: "Daktari, mama yetu amekuwa kichaa, sisi tunaomba karatasi tu, tuna..."

"Ngoja kwanza, baba. Kaa." Pa kukaa hapakuwepo. Akakalia sanduku.

"Mama, hao wageni wako wakoje?"

"Wadogo. Nadhifu. Kofia zao zimeshonwa na mtu anayejua kazi."

"Wanasema nini?"

"Hawasemi. Ndiyo raha yao. Wangekuwa wasemaji ningewatimua, kama ninavyotamani kumtimua huyu mwanangu."

"Wanakuagiza ufanye jambo?"

"Hata salamu hawatoi."

"Na wewe unaona ni watu kweli?"

"Mwanangu, mimi ni mzee, si mjinga. Mtu gani atakalia sindano asipige kelele?"

Daktari aliegemea. Kop! "Ukifumba macho?"

"Wanaenda zao."

"Na uzi, mama. Siku hizi unautungaje kwenye sindano?"

Hapo mama mkwe akatazama viatu vyake. Akaushika ufunguo. Mwishowe akasema kwa sauti ndogo, "Namwomba jirani."

Daktari hakurukia jibu hata hapo. Alimpima damu na sukari. Alimuuliza habari za jana na za miaka ya ujana, akamsimulia hadithi fupi na baadaye akamtaka airudie, naye akairudia pamoja na makosa aliyoyaona ndani yake. Ndipo Daktari akamulika tochi machoni, kisha akamshika mkono mwenyewe hadi kwa daktari wa macho. Mtoto wa jicho, pande zote mbili, mnene kama pazia la harusi.

"Akili ya mama ni nzima," alimwambia Shemeji. "Macho yakileta habari kidogo, ubongo haukubali kukaa bure, unajichorea picha zake. Huwatokea hata watu wenye akili timamu kabisa. Wengi hawasemi, wakiogopa kuitwa kama ulivyomwita."

Shemeji aliinuka, akalitazama sanduku. "Sasa hizi nguo?"

"Rudisha zilikotoka," alisema mama yake. "Na uzipige pasi, umezikunja kama gunia."

Mama mkwe akafanyiwa upasuaji, na wale watu wadogo wakapungua, wakaisha. Bandeji ilipotolewa, mtu wa kwanza ambaye yeye alimwona vizuri ni mimi. Alinitazama kwa muda. "Mkwe wangu, kumbe umezeeka hivi! Na hilo shati nani kakushonea?" Aliyelishona ni yeye mwenyewe. Kisha akaenda shuleni kuziona sare zake za mwaka ule, akakuta watoto wana mifuko ya kifuani iliyoshuka hadi tumboni, akazikusanya zote akazishona upya. Wale wa kofia huwakumbuka mara moja moja. Anasema walikuwa na adabu.

Kwa ajili ya historia, niongeze kwamba macho yaligunduliwa na Daktari, lakini aliyeyafikisha macho kwa Daktari anajulikana.

Kamati ilitaka benchi lisawazishwe, lipakwe rangi, akabidhiwe Daktari kama zawadi. Fundi seremala alipoweka msumeno kwenye mguu mrefu, wafanyakazi wote, kuanzia jikoni hadi maabara, walipiga kelele kwa pamoja: "Ngoja kwanza!" Benchi linabaki hapa hapa, na uyumbaji wake wote, kwa ajili ya daktari ajaye. Daktari wetu ataondoka na mto wa kukalia ulioshonwa na mama mkwe, uliotariziwa watu wadogo wenye kofia ndefu, kila mmoja kwa uzi alioutunga mwenyewe kwenye sindano.

Mama mkwe mtamwona leo mstari wa mbele. Amefunga mlango wake mwenyewe, amekuja mwenyewe, na ufunguo uko shingoni. Shemeji alijitolea kumshikia, asije akaudondosha kwenye umati. Ameambiwa angoje kwanza.

Daktari wetu, asante kwa kila koti ulilokataa kumvika mtu kabla ya kumpima. Nenda sasa kalale bila kumuuliza mtu kama amelala. Tunakutakia siku ndefu, usingizi mtamu na kiti kisichoyumba. Sherehe ikiisha nitakurudisha nyumbani mwenyewe, taratibu kabisa. Kishikio kiko pale pale.