Skrubu ya Fundi

Benchi lenyewe ni ubao mrefu uliolazwa juu ya kreti mbili za soda, mbele ya mlango wa fundi cherehani, na asiyewajua wenyewe asidhani ni benchi la watu wachafuchafu. Pale watu hukaa wametoka vizuri. Jioni hiyo Refa, aliyeacha kupuliza filimbi zamani lakini hajaacha kutoa maamuzi, alikuwa na suruali nyeusi mpya yenye mstari mweupe ubavuni. Injinia, fundi baiskeli wa kona ya pili, alikuwa ndani ya ovaroli ya buluu ambayo grisi ilikuwa bado haijaizoea. Dokta, ambaye udaktari wake wote aliupata kwa kulazwa hospitali mwezi mzima akisikiliza ya wenzake, alivaa koti jeupe refu lenye mifuko mitatu. Chupa ya kahawa ilikuwa zamu ya Refa. Aliyekosekana ni mwenye mlango tu. Cherehani iliponyamaza kule ndani, wakajua anakuja.

Fundi alijifunga kwanza buti lake la hospitali, lile gumu la plastiki, ndipo akatoka akichechemea na kuketi mwisho wa ubao. Mwezi wa nne huu tangu ateleze kwenye ngazi na jora la kitambaa begani, ukavunjika mfupa wa pembeni wa wayo wa kulia, upande wa kidole kidogo. Hospitali walimwambia wiki sita tu atakuwa sawa. Mfupa ukakaidi. Sasa daktari alikuwa amesema wazi: ama apasuliwe aingizwe skrubu, ama wasubiri tena waone, na jibu alilitaka kesho asubuhi. Fundi alikiogopa kisu, hilo hakulificha. Lakini alichokiogopa zaidi ni kuzinduka na mguu uliosahau kazi, kwa sababu cherehani yake ni ya kukanyaga, na hajui riziki nyingine.

Refa: Kikao kimefunguliwa. Kesho mwenzetu anatoa jibu. Kisu au kusubiri?

Injinia: Kabla ya yote, hiyo skrubu ni saizi gani?

Fundi: Sijauliza.

Injinia: Hujauliza! Mtu anataka kukufunga chuma mwilini, hujauliza hata kama kina nati?

Dokta: Haina nati. Wodini kwetu kulikuwa na mzee anazo tatu, hata moja haikuwa na nati.

Injinia: Basi zilimlegea.

Dokta: Hazikulegea hata kidogo. Ila zilimfanya awe anajua mvua siku mbili kabla haijanyesha. Majirani wakawa wanakuja kumuuliza kama waanike nguo au wasianike.

Refa: Huyo alifaidi.

Dokta: Alifaidi nini? Alikosa usingizi! Hakujakucha mtu anagonga mlango, "Mzee, leo vipi?"

Fundi alicheka mpaka kahawa ikamwagikia buti. Halafu akakumbuka kesho, kicheko kikaisha.

Fundi: Jamani, mimi nataka kujua kitu kimoja. Nitakanyaga pedali tena au ndio basi?

Injinia: Utakanyaga mpaka tukuombe uache. Ila skrubu inataka grisi. Chuma kikavu kinalia. Utaingia msibani, watu wametulia na majonzi yao, mguu wako unapita katikati, kwii, kwii.

Refa: Ndiyo maana mimi kisu nakipinga. Huu mfupa hauna shida ya chuma. Vipande viwili vimegombana, basi. Nimesuluhisha wachezaji miaka mingi, hali hiyo naijua. Kila mmoja amenuna anangoja mwenzake aanze kuomba radhi.

Dokta: Kwani mfupa una akili?

Refa: Kukushinda wewe. Mbona wa mkono unaunga upesi? Kwa sababu mkono unapewa heshima, kila mtu anaushika, "Habari za asubuhi, habari za kazi." Wayo nani anaujulia hali? Unafichwa kiatuni kutwa nzima. Umesusa huo!

Fundi: Kwa hiyo niusalimie?

Refa: Asubuhi na jioni. Na usiwe unacheka.

Dokta alikunja miguu, akashusha sauti kama mtu anayetoa siri ya serikali.

Dokta: Nyie hamjui kitu. Mfupa umeshaunga.

Injinia: Umeunga wapi na picha ya eksirei inaonyesha ufa?

Dokta: Picha wamepiga saa ngapi? Mchana. Mfupa unaunga usiku, mtu akilala. Ukiamka unaachia, ukilala unashika. Aende akapigwe picha usiku wa manane amelala fofofo, kama hamtaukuta mzima nivueni hili koti.

Injinia: Sasa mimi nina jambo la maana. Akubali skrubu, lakini iwe ya chuma cha kunasa sumaku. Wakishaishindilia, mimi naja na sumaku ya ile spika kubwa iliyokufa. Ikienda upande, naivuta nikiwa hapa hapa benchini. Hakuna kurudi hospitali.

Refa: Na akipita karibu na baiskeli zako?

Injinia: Hapo ndipo atakuwa makini.

Wakabishana juu ya sumaku kwa muda mrefu, Refa akidai mguu utavuta na vijiko vya wenyeji kila Fundi akialikwa chakula. Fundi alikuwa akiwasikiliza nusu. Aliwapenda watu hawa. Tangu avunjike, hawakuacha kuja hata jioni moja, na kila mmoja alikuja na kitambaa ili mwenzao asijione ameachwa. Walimpa moyo, na yeye akawarudishia kwa sindano. Kliniki ya juzi daktari alimuuliza kama anaupumzisha mguu, naye akajibu kwa moyo mweupe kwamba kutwa anashinda ameketi. Daktari akatikisa kichwa, asielewe mfupa unataka nini.

Injinia: Nisije nikasahau, ile suruali yangu ya pili vipi?

Fundi: Imebaki kupinda chini tu. Leo nimeshinda nayo.

Injinia: Mungu akuweke. Sasa, kuhusu sumaku...

Hapo ndipo alipotokea mwanamke mwenye begi mkononi na vumbi la safari kwenye viatu. Alikuwa dada mkubwa wa Fundi, aliyepanda basi tangu alfajiri ili kesho aende na mdogo wake hospitali. Fundi akataka kuinuka.

Fundi: Shikamoo, dada.

Dada: Marahaba, mdogo wangu. Kaa, kaa hapo hapo! Hamjambo, shemeji zangu?

Wote: Hatujambo, karibu dada!

Wakamsogezea nafasi, Refa akammiminia kahawa. Dada akanywa funda moja, akawatazama mmoja mmoja, kuanzia suruali ya mstari mpaka koti jeupe, na uso ukamchangamka.

Dada: Jamani, mmependeza! Wote wapya! Nilikuja na kitambaa changu cha gauni, nikajiambia huyu mguu wake mbovu, nisimtese. Hebu nielekezeni basi. Siku hizi mnashonewa na nani?

Injinia alitazama ovaroli yake kana kwamba imemfika mwilini bila taarifa. Refa, ambaye hajawahi kukosa la kusema, aliinua chupa kummiminia tena, likatoka tone moja. Dada akageuka taratibu kutazama ndani ya mlango. Cherehani ilikuwa pale, suruali ya Injinia ikining'inia kwenye sindano, na chini yake pedali iling'aa kwa kukanyagwa upande wa kulia.

Dada: Na hilo buti? Unalivaa unapokanyaga?

Fundi: Halienei kwenye pedali, dada. Nalivua. Lakini si nakuwa nimekaa?

Fundi alijisikia akilisema kwa sauti. Aibu ilimpanda mpaka masikioni, lakini nyuma ya aibu kulikuwa na kitu kingine ambacho hakukitegemea, nacho kilikuwa furaha. Miezi yote ile alidhani mfupa wake umekataa kupona. Kumbe ulikuwa haujapewa nafasi.

Fundi: Kesho namwambia daktari habari ya pedali. Kabla ya jibu lolote.

Dada: Na akisema bado anataka skrubu?

Fundi: Basi na iingie. Nitakuwa nimempa daktari mfupa na ukweli wake.

Injinia aliinuka bila kuitaja tena sumaku yake. Akaingia ndani, akaichomoa suruali ambayo haijapindwa, kisha akauchomoa mkanda wa cherehani kwenye gurudumu na kuusokomeza mfukoni.

Injinia: Huu unalala kwangu. Daktari akikuruhusu, nakurudishia mwenyewe. Na hii suruali nitaivaa hivi hivi, ikiburuza.

Refa: Uamuzi umepita. Hakuna rufaa.

Dada akakirudisha kitambaa chake begini. Akabaki Dokta. Alisimama, akafungua vifungo, akalivua lile koti jeupe. Akalikunja vizuri, akaliweka juu ya kreti nyingine tupu iliyokuwa pembeni, akauinua mguu wa Fundi kwa mikono miwili na kuulaza juu yake. Katika udaktari wake wote, hiyo ndiyo ilikuwa tiba yake ya kwanza.