Mama Mustapha na Daktari Aliyejiandikia Usingizi

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Bi. Hafsa Mhina, ambaye hapa kituoni hata wageni humwita Mama Mustapha, anastaafu baada ya miaka thelathini na mbili ya kutoa dawa, kwanza Handeni, kisha hapa Korogwe. Kamati ya sherehe ilitafuta mtu wa kuandika wasifu wake, ikamchagua mgonjwa wake msumbufu kuliko wote. Ndiye mimi, Dkt. Ernesti, mganga mfawidhi: bosi wake kwenye karatasi tu, ambaye kila asubuhi humwamkia shikamoo na kusubiri kuambiwa la kufanya.

Alipohamia hapa alikuta dirisha la dawa likiendeshwa kama genge la nyanya. Mtu anataja anachotaka, anapewa, anaondoka. Dawa za usingizi na za wasiwasi ziliombwa kwa majina, kama soda. Akaweka benchi pembeni. Anayezitaka, hata awe na cheti cha daktari, anakaa kwanza na kuulizwa: anakunywa pombe? Ana mimba? Anaendesha bodaboda? Anatumia dawa gani nyingine? Na hasa, ni nini kinachomnyima usingizi? Wazee aliwahoji zaidi, akihofia wasije wakaamka na kizunguzungu, wakaanguka wakienda chooni, wakavunjika nyonga. Sisi watumishi, kwa akili zetu nyingi, tukaliita benchi hilo mahakama.

Msidhani alikuwa adui wa vidonge. Lea, muuza mboga wa Manundu, alipata ajali ya basi, akawa hawezi hata kuvuka barabara kwa hofu. Kliniki ya afya ya akili ikampa dawa. Majirani wakamwambia hizo ni za vichaa, naye akazificha. Mama Mustapha alimfuata gengeni, akanunua mchicha asiouhitaji, akamweleza faida na madhara ya dawa zile bila kuficha kitu. Lea akazitumia kama alivyoandikiwa. Siku hizi anavuka barabara kuu na tenga kichwani huku akiwafokea madereva, dalili ya kupona ambayo vitabu vyetu vimeisahau.

Haya, sasa mimi. Nilipokabidhiwa kituo, usingizi ulinikimbia. Simu ikilia tu, moyo paa! Angekuja mgonjwa na dalili hizo ningemshauri vizuri sana. Mimi nikachukua kalamu, nikajiandikia diazepamu, moja ya dawa hizo za usingizi, nikajisainia, na kwa kuwa mahakama niliijua, nikaenda kununua mjini. Ikawa mazoea ya miezi. Vikao vya asubuhi nilivimaliza nimefumba macho, nikidai natafakari. Mwishowe, mchana kweupe, tukitoka kwenye chanjo, nikaingiza pikipiki mtaroni karibu na Mkumbara. Nikasingizia mbuzi. Nyuma yangu alikuwa amepanda muuguzi Grace, mama wa watoto wadogo. Alichubuka kiwiko tu, lakini angeweza kufa, na ningekuwa nimemuua mimi.

Mama Mustapha alinikalisha kwenye benchi, mbele ya foleni yangu mwenyewe, akaniuliza kwa sauti ya chini mbuzi huyo alikuwa wa rangi gani. Nikababaika, nikasema kweli. Kisha, kwa ushujaa ambao haukuombwa, nikatangaza kwamba vidonge naviacha leo hii hii. Hapo ndipo alipokasirika. Alitaka kujua shahada yangu niliipatia wapi, maana aliyezoea dawa hizo kwa miezi akizikata ghafla anaweza kudondoka kwa degedege. Jamani, somo hilo nalifundisha mimi! Akanipeleka mwenyewe kwa daktari wa afya ya akili. Nikapunguziwa dozi kidogo kidogo, na funguo za pikipiki zikakaa kwenye mkoba wake. Wasiwasi nao ukatibiwa kwa mazungumzo. Kumbe sikuwa naogopa simu, nilikuwa naogopa mtu kufa mikononi mwangu.

Juzi tulifanya mazoezi ya sherehe hii. Mzee Habakuki, mwenyekiti wa kamati, alisoma hotuba yake, na wote mnajua urefu wake. Kabla hajafika kwenye miaka ya Handeni nilikuwa nimelala kwenye kiti cha mgeni rasmi, nakoroma, bila kidonge chochote. Watu walitaka kuniamsha. Mama Mustapha akawakataza, akawatoa nje mmoja mmoja wakinyata, mazoezi yakahamia uani. Nilipozinduka ukumbi ulikuwa mtupu. Yeye tu alikuwa amekaa mlangoni, anazuia watu wasiingie, anafuta machozi kwa ncha ya mtandio. Na mimi nikalia, daktari mzima.

Mama Mustapha, kituo kizima kinakushukuru. Tunakuombea ustaafu wenye afya na furaha, wewe na wajukuu zako. Nenda kwa amani, mama. Mimi ninalala.