Vyumba Sita Mungu Alivyoviacha Vitupu

Bwana asifiwe! Asifiwe na ninyi wa Malaba, na ninyi mliovuka geti la mpaka asubuhi hii kuja kuabudu nasi! Mimi ni Mama Nekesa, mjane, na mdomo wangu mnaujua. Leo nimesimama kuusema wema wa Mungu, kwa hiyo mnivumilie.

Mwanzoni mwa miaka hii ya tisini nilijenga vyumba sita vya kupangisha, nyuma ya boma la Mzee Etyang. Kiwanja nilikinunua kwa ndugu yake, na njia ya kupita kando ya boma tulikubaliana kwa mdomo tu. Mabati nilikopeshwa na kikundi chetu cha akina mama. Vyumba vikajaa madereva wa trela na wanawake wa Uganda wanaouza maharagwe. Nikasema, sasa watoto wangu watasoma!

Ndugu zangu, yule ndugu alipokufa, Mzee Etyang akaifunga njia. Alisimamisha nguzo, akaweka ua wa miiba, akaniambia, "Mama, wewe ulinunua shamba. Njia hukununua."

Ikabaki kupitia kinamasi. Nani atabeba gunia la maharagwe kwenye matope ya magoti? Wapangaji wakahama mmoja mmoja. Wezi walipoona hakuna mtu, wakang'oa milango miwili mchana kweupe, na polisi wakasema gari lao haliwezi kufika. Nikaenda benki kuomba mkopo. Bwana wa mikopo akaniuliza barabara iko wapi, akanirudishia karatasi zangu. Kikundi nacho kikanipa hadi mwisho wa mwezi: nisipolipa, wanaezua mabati yao. Nililia, jamani! Kila asubuhi nilifagia vyumba vitupu nikimuuliza Mungu kama ananiona.

Sasa sikieni Mungu wetu! Wiki ya mwisho ya mwezi ule, wakwe wa Mzee Etyang walikuja kutoka Tororo, ng'ambo ya mpaka, kuleta ng'ombe wa mahari ya binti yake. Mvua ikanyesha, mazungumzo yakarefuka, na walipoinuka geti la mpaka lilikuwa limefungwa. Lojingi zote za kulala wageni mjini zimejaa madereva. Na desturi yetu mnaijua: mkwe halali kwenye boma la mama wa msichana. Ni aibu kubwa.

Nikamwona Mzee Etyang amesimama upande wake wa ua, kofia mkononi. "Mama," akasema, "wageni yangu wamekwama. Kwangu hawawezi lala. Nisaidie na hizo nyumba zako."

Ndugu zangu, jibu lilikuwa tayari kwenye ulimi! Nimwambie: Mzee, wewe ulipata wakwe, vyumba hukupata. Tamu kweli! Lakini mdomo huu mnaoujua ulikataa kufunguka. Niliona kwamba vyumba nilivyovililia vilikuwa vimetunzwa na Mungu. Nikasema tu, "Karibu. Lakini wazee watapitia wapi?"

Akautazama ua wake. Baba wa bwana harusi alikuwa mzee sana, anatembea kwa fimbo. Huyo humpitishi kwenye kinamasi. Mzee Etyang akaleta panga, akaukata ua kwa mikono yake mwenyewe, mbele ya wakwe. Mimi nilisimama nikilia kwa sauti.

Asubuhi yule mzee wa Tororo akamshukuru Mzee Etyang mbele yetu sote. "Umetuwekea nyumba mzuri na njia mzuri. Tukileta ng'ombe zile zimebaki, tutalala hapa hapa." Mzee Etyang angeifunga tena njia vipi? Na mnajua wenyewe, ng'ombe wa mahari hawaishi!

Njia haikufungwa tena. Madereva walirudi wiki ile ile, wakalipa kodi mbele, kikundi kikapata chake, na mabati yangu yako juu hadi leo. Hata mbwa wa Mzee Etyang siku hizi wanawabwekea wezi wangu.

Mimi nilimwomba Mungu avijaze vyumba, kumbe yeye alikuwa anavihitaji vitupu kwa jioni moja! Asante, Yesu! Wewe uliyeketi hapo ukilia juu ya kitu kitupu, mkabidhi Bwana leo, na usimfundishe kazi. Kama hamniamini, muulizeni Mzee Etyang, yuko benchi la nyuma pale. Jana nilimkuta na panga lile lile, anafyeka nyasi kwenye njia yangu.