Harlan Tebo na Chumvi ya Barabarani

Ndugu, jamaa na majirani mliofika kumsindikiza mpendwa wetu, Harlan Tebo alizaliwa tarehe 9 Februari 1951 hapa Ziwa Corbeau, jimbo la New York, mtoto wa tatu wa mkata magogo Amos Tebo na mkewe Delphine, akasoma shule ya hapa hadi mwaka 1969, akatumikia jeshi miaka miwili, na tarehe 1 Novemba 1972 akaajiriwa idara ya barabara, alikomwaga chumvi kuyeyusha barafu kwa majira ya baridi thelathini na moja, na alijivunia kwamba kwenye mlima wake hakuna basi la shule lililowahi kuteleza.

Tarehe 14 Juni 1975 alifunga ndoa na Lorena Duquette, wakajaliwa binti mmoja, Noelle, wakajenga nyumba mteremkoni, upande wa chini wa barabara kuu, na kuchimba kisima.

Mwaka 1998 kahawa yao ilibadilika ladha, mabomba ya shaba yakatoboka, na Lorena, aliyekwisha kukatazwa chumvi kwa sababu ya ugonjwa wa moyo, akazidi kuvimba miguu ingawa alikula chakula chapwa. Maji yalipimwa Julai 2001, yakakutwa yamejaa chumvi. Harlan alikaa jikoni na karatasi ya majibu, akasema, "Lorena, hii nimeimwaga mimi." Mkewe akamjibu, "We mzee, ulitaka watoto wa watu watumbukie bondeni? Niletee maji ya dukani, yaishe."

Lorena alifariki tarehe 3 Machi 2003. Madaktari hawakusema ni kisima, naye Harlan hakuweza kuamini kwamba sicho, akaacha kazi mwezi uleule.

Tangu hapo alipima visima na vijito vyote vya bonde hili, akagundua kwamba maji ya chumvi, kwa uzito wake, yalilala chini ya ziwa na kuwanyima samaki hewa. Alipoyaeleza hayo kwenye mkutano wa wakazi, mtu alimpigia kelele, "Umekula mshahara wa chumvi miaka yote, leo ndiyo unaiona sumu?" Akajibu, "Ndiyo. Leo." Mwaka 2016 chumvi ya barabarani ilipunguzwa nusu, lakini samaki hawajarudi.

Saratani ya mapafu iligunduliwa Mei mwaka huu, 2018, akafariki nyumbani tarehe 24 Novemba, Noelle akiwa amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliomletea maji na supu, na wenzake wa idara ya barabara, ambao asubuhi hii, kwa ombi lake la mwisho, wamemwaga mchanga mtupu, bila chumvi, njia nzima ya makaburini. Kuna utelezi, tushikane mikono tukipanda.

Harlan, kapumzike kwa amani kando ya Lorena.