Tumbo Halikumwota Yeye

Kina mama wa Chanika, shikamooni wakubwa zangu. Mwenyekiti wa kikundi chetu kaniambia nisimame, nikamwambia sijazoea kuhutubia. Kanijibu, "Simama hivyohivyo." Basi nimesimama.

Nilipomaliza kidato cha sita, wenzangu walikwenda kambini kwenye mafunzo ya jeshi. Mie nilikuwa na mimba, na mjamzito hapokelewi. Baba wa mtoto alikwenda. Mimba ilikuwa yetu wawili, ila tumbo halikumwota yeye. Cheka tu dada yangu, hata mie siku hizi nachekaga.

Nikajifungua, nikasoma chuo, nikapata cheti cha utunzaji wa kumbukumbu. Nikaanza kuomba kazi serikalini. Kila tangazo, chini kabisa: waliopitia jeshi au mgambo watapewa kipaumbele. Naingia kwenye usaili, najibu vizuri, wananitazama kwa huruma.

"Dada, umepita jeshini?"

"Hapana."

"Haya, tutakupigia."

Simu naichaji, haiiti.

Ndugu zangu, nawaambia, nilichoka. Umri wa kambi umenipita, na mtoto harudi tumboni. Mbele ukuta, nyuma ukuta. Halafu siku moja, kwenye benchi la usaili, nani kakaa pembeni yangu? Baba wa mtoto. Kazi ileile. Akapata yeye. Sikumchukia, maana jua la kambini lilimchoma kweli. Kilichoniuma ni kwamba miaka yote niliyolea peke yangu, hakuna aliyeiita mafunzo.

Nikaja hapa kikundini nikalia mpaka kanga ikalowa. Mama mmoja, yupo hapa, ona anavyoinamisha kichwa, akaniuliza, "Si kata yetu wanachukua mgambo wiki ijayo?"

Nikamwambia, "Najua, mama. Ila mgambo ni alfajiri, na mama yangu mzazi yuko Lindi. Mtoto namwachia nani?"

Akageuka, akawatazama nyie. Mimi nikainuka niondoke, aibu imenijaa. Ndipo sauti kule nyuma ikasema, "Jumatatu kwangu." Mwingine akadakia, "Jumanne amlete kwangu, ila uji wangu hauna sukari."

Buti za mgambo zilikuwa za kiume tupu, nikajazia matambara. Siku ya kwanza mkufunzi akanifokea, "Wewe mama, rudi nyumbani ukalee!" Nikamjibu, "Afande, analelewa."

Usaili uliofuata wakaniuliza swali lao lilelile. Nikasema, "Mgambo, nimehitimu." Leo nina kazi, kina mama, na mwanangu anaringa nayo kuliko mie.

Lakini sitawadanganya. Mlango haujapanuliwa, nimepita kwa ubavu tu, na wengi bado wamekwama nje. Ukikwama, usijione huna akili. Mlango ule walipima kwa mwili wa mtu mwingine. Asanteni mliomwogesha mwanangu na kumnywesha uji huo usio na sukari. Sina cha kuwalipa.

Na wewe binti uliyekaa pale mlangoni na kichanga, nimekuona unavyofuta machozi. Mgambo wanachukua tena mwezi ujao.

Jumatatu kwangu.