Machela Si Uchuro: Risala ya Akina Mama wa Namtamba kwa Daktari Rosemary

Iliyosomwa kijijini Namtamba, Jumamosi, tarehe 28 Januari 1995

Mgeni rasmi, Mganga Mkuu wa Wilaya yetu, Daktari Mama Rosemary. Viongozi wa kijiji. Sheikh wetu na Katekista wetu. Wazazi, na ninyi ndugu mliokaa juani kwa sababu turubai la shughuli tumelishonea machela: assalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Na kwa wakubwa wetu wote, shikamoni.

KARIBU, NA RADHI

Sisi wanachama thelathini na wanne wa Kikundi cha Tujiandae tunakushukuru kwa kuja. Umeliacha gari ng'ambo ya mto, umevua viatu, umekunja sketi, umevuka. Tulikuwa tunakuchungulia tangu huku, na tulipoona maji yamekufika magotini tulifurahi. Si kwa taabu yako, la hasha! Tulifurahi kwa sababu sasa hatuna haja ya kukueleza mto ukoje. Na huu ni mwezi wa kwanza tu, mvua bado zinatutania.

Kabla hatujafika mbali, tuna radhi ya kukuomba.

Mwezi wa nane mwaka 1993 ulikuja hapa kuwachanja watoto wetu. Ulipomaliza, ukauliza, "Machela yenu iko wapi?" Mgeni rasmi, kwetu swali lile lilikuwa zito kuliko tusi. Akina mama tulijitemea mate kifuani kujikinga na baya. Mzee Khamisi, baba yangu mzazi mimi ninayesoma risala hii, Zuwena binti Khamisi, katibu wa kikundi, akainuka akakwambia, "Daktari, usituchurie. Hapa hakuna mgonjwa."

Wewe uliuliza swali moja tu: "Jeneza mnalo?"

Tukaitika kwa pamoja, tena kwa fahari, "Tunalo! La mninga!"

Ukaandika kitu katika daftari lako, ukaondoka. Tulikusema wiki nzima. Tulisema daktari huyu ni mtu wa bara, hana adabu, hajui maneno ya kusema mbele za watu. Leo tunakuomba radhi mbele ya kadamnasi hii, na tunakushukuru kwa swali lile kuliko tunavyokushukuru kwa sindano, ingawa na sindano nazo tunashukuru.

TULIKOTOKA

Kwa kuwa wewe si mtu wa hapa, turuhusu tukufafanulie neno hilo. Kuchuria ni kulitaja baya kabla halijaja, au kuliandalia mahali, likadhani limealikwa. Basi sisi tumelelewa kutoalika. Mjamzito haulizwi miezi yake. Nguo za mtoto hazinunuliwi kabla mtoto hajalia. Wembe wa kukatia kitovu haununuliwi pia, kwa hiyo mtoto akitoka ndipo mtu anatimua mbio dukani kwa Nassibu, na Nassibu awe hajaenda Mingoyo kuchukua bidhaa. Msafiri naye haulizwi atarudi lini. Ukimwuliza umemfungia njia.

Siyo kwamba tulikuwa wajinga. Tulikuwa tunaogopa, na hofu ile tuliiita heshima.

Mwezi wa tatu mwaka ule ule wa 1993, miezi mitano kabla hujatuuliza swali lako, dada yangu Samia alishikwa na uchungu alfajiri. Saa nne asubuhi mkunga wetu wa jadi akanawa mikono akasema, "Huyu si wa kwangu, ni wa hospitali." Kutoka hapa hadi barabara kuu ni kilometa kumi na moja, na mto ulikuwa umejaa. Mtu akasema lichukuliwe jeneza la msikiti, lina mikono minne na ni imara. Lo! Kelele zilizopigwa! Mtu mzima hai, atiwe jenezani? Baba akasema, "Mwanangu haingii humo akiwa na pumzi."

Wanaume wakaleta kitanda cha kamba, kikavunjika mguu mlangoni. Wakaenda kukata miti porini. Miti ikaja, kamba hazikutosha. Kamba zikaja, wakabishana nani atashika mbele. Saa nane mchana machela ya miti ilikuwa tayari, na Samia hakuihitaji tena, yeye wala mtoto wake. Jeneza lilifika kwa dakika tano. Hakuna aliyelitafuta, hakuna aliyebishana, na lilikuwa limekwisha futwa vumbi.

Kijiji kizima kilikuwa na kitu kimoja tu cha kumbebea mtu, na kilikuwa cha maiti. Hilo hatukuliona mpaka ulipotuuliza wewe.

METHALI TULIZOFARIJIWA NAZO

Matangani tulipewa methali, kama ilivyo desturi. Tukaambiwa ajali haina kinga. Tukaambiwa sikio la kufa halisikii dawa. Tukaambiwa siku ya kufa nyani miti yote huteleza. Tukaitikia "ndiyo", tukala wali wa matanga, tukatawanyika.

Methali ni mali ya wazee wetu na hatuzidharau. Lakini hata kanzu ya babu mtu huijaribu kwanza kabla ya kwenda nayo Idi. Ulipokwisha ondoka na daftari lako, sisi wanawake tulianza kuzijaribu zile methali tukiwa tunabangua korosho, na tukaona zinabana. Sikio la Samia lilikuwa zima, mgeni rasmi. Dawa ndiyo haikufika. Na miti ya nyani haikuteleza siku yake ya kufa peke yake. Miti ile huteleza kila masika, kila mtu anajua, na hakuna aliyefanya lolote.

Msimu wa mvua uliofuata, mwezi wa pili 1994, zamu ikawa ya Tekla, mwenyekiti wetu huyu aliyekaa kulia kwako. Mtoto alikaa vibaya. Kelele zile zile zikaanza: kitanda, miti, kamba. Tulipogeuka, tukamwona Mzee Khamisi anatoka msikitini, jeneza amelishika upande mmoja, Sheikh Abdurahmani upande wa pili. Watu wakaziba midomo. Mtu akauliza, na huyu Mkristo je? Sheikh akasema, "Mbao ni mbao. Wahini!"

Baba akaliweka chini mbele ya mlango wa Tekla. Maneno yake tumeyaandika katika kitabu cha kikundi, ukurasa wa kwanza: "Samia nilimkataza kuingia humu akiwa hai, nikamtia kwa mikono yangu akiwa maiti. Huyu apande."

Wakatandika godoro, Tekla akapanda. Sasa njiani, kila waliyekutana naye anavua kofia, anasimama pembeni na kusema "Innalillahi". Wengine wakaanza kufuata nyuma, kumbe wanadhani wanakwenda kuzika! Mpaka Tekla mwenyewe, na uchungu wake, akainua kichwa akapaza sauti, "Sijafa mimi! Pisheni njia!" Wawili walikimbia na mpaka leo hawapendi kuizungumzia safari ile. Tekla alifika barabarani, akapata lori la korosho, akafika hospitali ya Lindi, akajifungua salama. Madaktari na wauguzi waliompokea tunawaombea kheri kila tukikutana. Binti yake, Fortunata, ndiye huyo anayetambaa kuelekea kwenye viatu vyako.

MAFANIKIO

Tekla aliporudi alisema hatapanda tena jeneza mpaka zamu yake ya kweli, kwa hiyo tutengeneze machela. Ndipo kikundi kikazaliwa, na kwa kuwa siku hizi ni zama za vyama vingi, tunaomba ieleweke kwamba kikundi hiki hakina chama.

Tangu biashara ifunguliwe, wanunuzi binafsi wa korosho wanafika hadi kwetu, na mmoja wao alituachia baiskeli iliyochoka. Magurudumu mawili tukayapata hapo. Tukampelekea Fundi Abdala, naye akauliza swali la kawaida la ufundi: "Urefu gani?" Kumpimia mtu machela, kwetu, hakuna tofauti na kumpimia sanda. Kila tuliyemwomba alale apimwe alikumbuka kwamba ameacha chungu jikoni. Abdala akaona atachelewa, akajipima mwenyewe kwa siri. Na fundi wetu, mnamwona pale, Mungu amemjalia ufundi mwingi na urefu kidogo.

Basi wa kwanza kuipanda akawa Nassibu mwenye duka, aliyepiga kelele za uchuro kuliko wote, na ambaye ndiye mtu mrefu kuliko wote Namtamba. Alianguka darini akipanga magunia, akavunjika mguu. Alifika barabarani miguu yote miwili ikining'inia nje, ule mzima na ule uliovunjika, na matusi aliyotutukana hayafai katika risala. Lakini alifika. Leo anatupa sabuni bila kuombwa.

Aliporudi tukaitisha kikao, tukasema lazima mtu apimwe. Mzee Khamisi akainuka, akalala chali katikati ya uwanja, mikono kifuani, akafumba macho. "Pima," akamwambia Abdala, "na uongeze shibiri moja." Mimi nililia. Wengine walikwenda nyuma ya nyumba wasione. Mzee hakufa, mgeni rasmi. Yupo pale mstari wa mbele, anajifanya hasikii anavyotajwa.

Hiyo ndiyo machela unayoizindua leo, na tunaungama kwamba tumekwisha itumia, kwa sababu uchungu haukusubiri utepe. Imewafikisha barabarani wajawazito wanne. Wote wamerudi, na watoto watano, maana mmoja alileta pacha. Pia tuna sanduku: nguo za watoto za mitumba tulizozifua na kuzipiga pasi, nyembe mpya, uzi, sabuni na kurunzi. Yeyote akishikwa, sanduku linakwenda mlangoni kwake.

Tumeirekebisha na ile methali. Siku hizi tunasema: ajali haina kinga, lakini ina machela.

VIKWAZO

Kikwazo cha kwanza umekivuka kwa miguu yako. Mwezi wa tatu maji yale yatakufika shingoni. Machela ina magurudumu, haina mapezi. Mara mbili wanaume wetu wameivusha juu ya vichwa, na mara ya pili mmoja aliteleza, na aliyekuwa juu alishika tawi. Tunamshukuru Mungu kwa tawi lile, ila hatupendi kulitegemea.

Kikwazo cha pili ni kwamba mkunga wetu ni mmoja, na macho yake sasa yanaona mchana tu.

Kikwazo cha tatu ni sisi wenyewe. Bado wapo wanaozunguka nyuma ya nyumba ili wasipite mbele ya machela. Bado wapo wanaoficha mimba mpaka mwezi wa nane. Na tusijidai sana: hata asubuhi ya leo, tulipokuwa tunapanga viti, mwanakikundi mmoja alituonya tusiitaje mvua, isije ikanyesha tukaaibika mbele ya mgeni. Tulimcheka sana. Lakini hatukuitaja.

MAOMBI

Tunajua wewe ni daktari, si mjenzi, na kwamba mfuko wa serikali una mashimo kama wetu. Mawe tumekusanya, ule mlima uliouona kando ya maji si wa asili, umebebwa kwa vichwa vya akina mama hawa. Mchanga upo, nguvu zipo. Tunaomba utufikishie kwa wahusika ombi la saruji, nondo na fundi mmoja anayejua madaraja, kabla ya mwezi wa tatu. Tunaomba pia wanawake wetu wawili wapelekwe kusomea ukunga, na kliniki ya mama na mtoto itufikie hata mara moja kwa mwezi.

Na ombi dogo. Utakapoizindua, usikate utepe tu. Tunakuomba ulale juu yake, kidogo tu, watu wakuone ukiinuka.

MWISHO

Mgeni rasmi, maneno "kabla ya mwezi wa tatu" hatukuyaandika kwa bahati. Wanakikundi wenzangu wamenipa ruhusa nimalizie kwa kinywa changu mwenyewe. Mimi Zuwena nina mimba ya miezi saba. Naisema mbele ya kijiji kizima, mbele ya baba yangu. Siku zangu zitatimia katikati ya mwezi wa tatu, mwezi ule ule wa Samia, na mto ule ule. Nguo za mwanangu nimezinunua, ni za manjano. Wembe nimeununua. Naogopa, sitadanganya, lakini naogopa nikiwa nimejiandaa, na hofu ya namna hii mtu anaweza kulala nayo usingizi.

Tunakualika kwenye arobaini ya mtoto huyu, mwisho wa mwezi wa nne. Ndiyo, tunakualika kwenye sherehe ya mtu ambaye hajazaliwa, na tunawaona kina bibi kule nyuma wanavyojitemea mate. Tunawaomba wamalize, kisha waje kula pilau.

Mungu aliyekutia swali lile kinywani akulinde barabarani, akuzidishie umri na ujuzi, na awape nguvu wote unaofanya nao kazi. Safari yako iwe nyepesi, na maji yakupishe.

Desturi yetu haituruhusu kumwuliza msafiri swali hili. Tumekaa, tumejadiliana, na kwa kauli moja tumeamua kukuuliza.

Mgeni rasmi, utarudi lini?

Ni sisi,
Wanakikundi wa Tujiandae, Namtamba