Puto la Jeshi Juu ya Msambweni

Ndani ya basi la Lunga Lunga, mama mmoja wa buibui aliduwaa dirishani. "Subhanallah! Kubwa kama msikiti wa Ijumaa, na limetulia tu angani!"

"Ni puto la jeshi, mama," akasema Dzombo, aliyekwisha kututangazia sote kuwa yeye ni mpishi wa kambini. "Wanalijaribu kulinda mpaka. Lina kamera, linaona hata sufuria iliyoko uani."

"Na bafuni?"

"Bafu si lina kuta?"

"Lina makuti pande nne, mwanangu. Juu tulimwachia Mwenyezi Mungu peke yake."

Basi liliposimama Msambweni, mama alishuka, akalitazama puto kwa muda mrefu, kisha akajifunika uso ambao sisi abiria tulikuwa tukiuona tangu Likoni.